Nilimpima Mama Tambarare

Nimesomea kutembea. Watu wakiniuliza nilisomea nini ng'ambo miaka mitano, hilo ndilo jibu fupi, na wengi hucheka kabla sijamaliza. Shangazi yangu mmoja alicheka mpaka akakaa chini. Alitaka kujua kama wazungu huanguka wasipofundishwa. Nilikasirika, nikamweleza kwa kirefu habari za moyo na mapafu, misuli na viungo, kwamba kuna sayansi nzima ya mwili unapofanya kazi, na kwamba anayefundisha wakimbiaji au kuwainua waliovunjika hafiki mbali bila sayansi hiyo. Akanisikiliza hadi mwisho, akasema, "Haya. Lakini kutembea mimi nilijua mbele yako." Nikimkumbuka leo naona alinihurumia kuliko nilivyostahili.

Kwetu ni upande wa Tetu, Nyeri, si mbali na soko la Giakanja, juu ya kilima chenye mto bondeni. Nyumba ziko juu, maji yako chini, na kati yake kuna mteremko ambao mvua ikinyesha hata mbuzi husitasita kuushuka. Miaka ile ya kwanza ya uhuru, maji yalipanda kilima hicho migongoni mwa wanawake. Mtungi wa bati ulilazwa mgongoni, ukashikiliwa na mukwa, ule ukanda wa ngozi ya ng'ombe unaopita kichwani pale paji la uso linapoishia. Mwanamke huinama, na uzito wote ukavutwa na kichwa na shingo. Mama yangu alianza kuuvaa mukwa angali mtoto mdogo sana, na nilipozaliwa mimi kichwa chake kilikuwa kimeshafanya mfuo. Nilikuwa nikilaza vidole viwili ndani ya mfuo ule, vikaenea.

Mama aliniita maitu, yaani mama yangu. Mimi ni binti wa pili, na kwetu binti wa pili hupewa jina la mama mzaa mama. Kwa hiyo mbele yake nilikuwa mtoto wakati wa kukemewa, nikawa mama yake wakati wa kuheshimiwa. Aliweza kunichapa na kuniomba msamaha siku hiyo hiyo, maana fimbo ilikuwa ya mtoto na msamaha ulikuwa wa marehemu bibi. Tulizungumza Kikuyu nyumbani. Maneno yake nayaweka hapa kwa Kiswahili chake mwenyewe, kile alichokitumia sokoni na barazani.

Yeye ndiye aliyeamua kwamba mukwa uishie kwake. Nilibeba maji mpaka nilipomaliza darasa la saba, na siku matokeo yalipotoka aliniondolea ukanda kichwani akautundika ukutani. "Kichwa hii sasa iwekwe vitu ndani," alisema. "Vitu ya juu nitabeba mimi." Nikaenda sekondari, nikawa mkimbiaji mzuri, nikafundisha mazoezi ya viungo katika shule ya wasichana, na nafasi ya masomo ng'ambo ilipotangazwa nikaipata.

Kozi yenyewe ilikuwa ya haraka. Digrii ya kwanza na ya pili zilikuwa zimeshonwa pamoja, ili mtu amalize zote mbili kwa miaka mitano badala ya kwenda moja baada ya nyingine. Mwaka wa nne ndio uliokuwa na moto. Asubuhi ulifanya mitihani pamoja na vijana wa digrii ya kwanza, alasiri ukakaa na watu wazima wa digrii ya pili wakikuuliza tasnifu yako imefika wapi. Aliyeteleza mwaka huo alirudishwa kwao na digrii moja, na nyuma yake jina lililoharibika. Nchi yetu ilikuwa changa na haikuwa na subira. Methali ya haraka haraka haina baraka nilifundishwa nikiwa na miaka mitano. Nilipokuwa mtu mzima serikali ilinisomesha ili niisahau.

Msimamizi wangu alikuwa mzee mpole aliyeamini kwamba kisichopimika hakipo. Siku moja aliniuliza nyumbani kwetu wanawake hubebaje mizigo. Nilivua skafu shingoni, nikaipitisha kichwani, nikainama mbele ya meza yake na kutembea hatua chache. Mzee akasimama kwa furaha. Alinizunguka, akanitazama mgongo, akasema tasnifu yangu ndiyo hiyo, nisitafute nyingine. Nilipaswa kupima pumzi na mapigo ya moyo ya wanawake wakiwa na mzigo na wasipokuwa nao, halafu nilinganishe. Nilikuwa na likizo moja tu ya kufanya hivyo, wiki sita, na baada ya hapo ni kuandika. Sikumwambia kwamba shingo huuma. Hakuuliza, nami nilikuwa nimejaa kiburi cha kuwa na kitu ambacho wenzangu darasani hawakuwa nacho.

Nilipofika nyumbani nilikuta kilima kizima kinazungumza habari moja, maji ya mfereji. Watu walikuwa wamefanya harambee, na kamati imeahidiwa mabomba kutoka chanzo kilichoko juu msituni. Wanawake walichimba mtaro wenyewe, siku mbili kila wiki, na mama ndiye aliyewaongoza. Mikono yake ilikuwa imepasuka kwa jembe. Kisha neno likaja kutoka ofisi ya wilaya, Nyeri, kwamba mabomba yaliyopo yanatosha kilima kimoja tu kwa sasa. Kingekuwa chetu, au kilima jirani chenye kiwanda cha kusafishia kahawa. Bwana afisa angekuja kwenye baraza kuamua nani mwenye shida zaidi, na atakayekosa angoje, Mungu ndiye ajuaye mpaka lini.

Mama aliyatazama masanduku yangu ya vifaa yakishushwa, akauliza ni ya nini. Nikamweleza. Uso wake ukafunguka kabisa.

"Kwa hivyo hii mashine inaweza kuona mtu vile anaumia?"

"Inaona mwili unafanya kazi kiasi gani, mami."

"Si ni hiyo hiyo?" akasema. "Hao wa ofisi wakiambiwa na sisi, wanasema wanawake ni kelele. Wakiambiwa na mashine watanyamaza. Maitu, Mungu amekuleta siku yake."

Ningeweza kumwambia kwamba si hiyo hiyo. Nilijua tofauti, nilikuwa nimeifanyia mtihani. Nikamwambia ndiyo, nikamwomba anitafutie wanawake kumi.

Alinitafutia kwa siku moja, wale wale wa mtaro, yeye mwenyewe akiwamo. Nilipoanza kuwaandika nilimwondoa mmoja kwa sababu alikuwa na mimba kubwa, na mwingine kwa sababu umri wake ulizidi, maana kitabu kiliwataka wenye afya na umri wa katikati. Yule mwenye mimba alishangaa. "Lakini mimi ndio mzigo inanimaliza," alisema. Nilimshukuru, nikamwambia arudi nyumbani akapumzike. Alirudi, na njiani akapitia mtoni kuchota maji.

Wakabaki wanane. Na hapa nilifanya kosa ambalo mzungu asingelifanya, kwa sababu mzungu angeshuka mtoni kwa udadisi tu, apige na picha. Mimi, mtoto wa kilima, niliwapima kwenye uwanja wa shule.

Uwanja ule ndio mahali pekee tambarare kwetu. Wazazi waliuchonga kwa majembe miaka mingi ili watoto wapate pa kuchezea mpira. Kitabu kilitaka tambarare, kwa sababu kwenye tambarare hesabu huwa safi. Mteremko una makona, una utelezi, kila hatua ina kipimo chake, na ningehitaji miezi. Wiki mbili zilikuwa zimeshaliwa Nairobi nikingoja kibali. Tena pale uwanjani ndipo nilipokimbia nikiwa msichana, nikashinda, watu wakanipigia makofi. Nilitaka walimu wangu wa zamani wanione na mashine zangu.

Mama alisimama ukingoni mwa uwanja na mtungi wake uliojaa, akatazama goli hili na goli lile.

"Kwani mto imehamia hapa?"

Wanawake wakacheka. Nikamweleza kwa upole wa mtu aliyesoma kwamba tunaanza na tambarare, mteremko utafuata baadaye.

"Baadaye lini?"

"Nikimaliza masomo, mami."

"Haya," akasema. "Wewe ndio umesoma."

Walikuwa wamekuja na nguo za kanisani. Walikuwa wameoga, wamefunga vitambaa vyeupe, na baadaye nilikuja kujua kwamba mama aliwakataza kwenda shambani na mtaroni siku iliyotangulia ili wasije wamechoka wakaniaibisha. Nyumba hufagiliwa mgeni anapokuja, nao walifagia miili yao. Niliwabana pua kwa kibanio, nikawatia bomba mdomoni lililopeleka pumzi kwenye mfuko mkubwa wa turubai, na mimi nikatembea kando nikiushika mfuko na kutazama saa. Waliokuwa wakingoja zamu walicheka, wakasema nawafunga pua kama ndama wa kuachishwa ziwa. Lakini aliyetiwa bomba hakucheka. Alitembea shingo imenyooka kadiri mukwa ulivyoruhusu, hatua zimepangwa, kama anayekwenda kupokea bibi harusi. Kwetu mwanamke anayehema chini ya mzigo mbele za watu huimbwa kwa mzaha mpaka wajukuu zake waambiwe. Watoto wa shule walikuwa madirishani, walimu wamesimama barazani. Hakuna hata mmoja aliyehema.

Mwisho nilimwonyesha kila mmoja kadi yenye ngazi za uchovu, kuanzia rahisi sana mpaka siwezi tena, nikamwomba aguse alipo. Wote wanane waligusa chini kabisa. Mmoja alikuwa na jasho linalodondoka juu ya kadi yenyewe, naye akagusa pale pale.

Nami nilijua. Hapo ndipo ninapokasirika mpaka leo, na hasira yenyewe haina pa kwenda isipokuwa kwangu. Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, na anayesemwa katika methali hiyo ni mtu ambaye hajaubeba. Mimi nilikuwa nimeubeba ule ule. Nilijua kwamba hapo mtoni penyewe, kabla hujainuka, kuna dakika unapopiga goti na kuomba. Nilijua kwamba kwenye kona ya tatu macho huona giza. Nililijua hilo kwa kichwa changu mwenyewe, na nikasubiri mfuko wa turubai uniambie vingine.

Mama alipimwa wa mwisho. Alizunguka uwanja mara nne na mtungi uliojaa, akarudia mikono mitupu. Nilipochukua mfuko wa pumzi zake na kuupima kwa mashine yangu katika chumba cha walimu, nilikuta tofauti ndogo sana. Moyo wake nao haukupanda sana. Nilirudia hesabu kwa furaha. Hiyo ilikuwa habari mpya, na msimamizi wangu angeipenda.

Nilikumbuka kwamba mukwa wake umebaki juu ya sanduku langu, nikautwaa nimpelekee. Nilimkuta nyuma ya darasa la mwisho, ameegemeza paji la uso kwenye mbao za ukuta, mikono miwili imeshika shingo kwa nyuma. Macho yalikuwa yamefumbwa, mdomo wazi, anavuta pumzi ambazo mfuko wangu haukuwahi kuzipata. Alifungua macho, akaniona. Mkono mmoja nilikuwa na mukwa, na mwingine daftari na kalamu. Nikalitazama daftari. Kulikuwa na safu ya pumzi, safu ya mapigo ya moyo, safu ya uzito na safu ya dakika. Safu ya shingo haikuwapo. Nikauweka mukwa juu ya jiwe karibu naye, nikarudi uwanjani kufunga vifaa.

Kibali kilikuwa na sharti kwamba kabla ya kuondoka niache katika ofisi hiyo hiyo ya Nyeri muhtasari wa niliyoyaona. Nikaandika kurasa mbili, zikapigwa chapa na mpiga taipu wa pale mjini, nikazipeleka mwenyewe nikiwa nimevaa koti la ng'ambo. Sentensi moja ilisema kwamba wanawake wa sehemu ile hubeba maji kwa mukwa bila mwili kutumia nguvu za ziada za kutajika, ukilinganisha na kutembea mikono mitupu. Niliipenda sentensi ile. Neno tambarare lilikuwa ukurasa wa pili, kwenye maelezo ya vifaa, mahali ambapo hakuna asomaye.

Baraza lilifanyika wiki ya sita, kwenye uwanja ule ule. Wanaume walikaa mbele kwenye viti vya darasani, wanawake wakaketi kwenye nyasi nyuma. Kilima jirani walikuja na msemaji wa kiwanda. Afisa alikuwa mtu wa mbali, hakujua Kikuyu, akaongea Kiswahili. Simlaumu sana. Alikuwa na mabomba ya kilima kimoja na vilima viwili vya kugawia.

Mzee wa kamati yetu alizungumza vizuri, akataja mteremko, akataja wanawake waliowahi kuteleza wakavunjika. Afisa akamsikiliza, kisha akafungua faili akatoa kurasa mbili. Nilizitambua kabla hajazikunjua.

"Wananchi," akasema, "mimi nimesikia maneno yenu. Lakini hapa niko na sayansi. Na hii haikuandikwa na mtu wa kutoka mbali. Imeandikwa na mtoto wenu wa hapa hapa, msichana wa digrii mbili." Akaisoma sentensi yangu kwa Kiingereza, halafu akaitafsiri polepole. Akatabasamu. "Si mnajua wenyewe? Ndovu halemewi na mkonga wake."

Wanaume walicheka. Wa kilima jirani walicheka zaidi, lakini na wetu pia walicheka, kwa vile methali ni tamu hata ikikupiga. Nyuma kwenye nyasi nilisikia sauti ya mwanamke ikiuliza, "Ati nini? Ati amesema nini?" na mwingine akimweleza kwa Kikuyu, halafu maneno yale yakapita kati yao kutoka mmoja hadi mwingine.

Afisa akauliza kama kuna aliyepimwa. Vichwa vikamgeukia mama. Akasimama, akakung'uta nyasi kwenye sketi.

"Mama, ulipimwa?"

"Nilipimwa."

"Na huyu binti yako, yale ameandika ni ukweli ama ni uongo?"

Mama aligeuka. Alinitazama mimi. Nilikuwa nimekaa kwenye kiti, pamoja na walimu, mwanamke pekee upande ule. Alinitazama kama mtu anayekushikia mlango uingie.

Nilichohitaji kusema kilikuwa kifupi: niliwapima tambarare, mto uko bondeni. Mtoto yeyote wa shule ile angeweza kukisema. Lakini ndani ya faili lile la afisa kulikuwa na barua moja aliyopaswa kunitilia sahihi siku hiyo, ya kuthibitisha kwamba nimefanya utafiti wangu sawasawa. Bila barua hiyo tasnifu isingepokelewa, na kozi yangu haikuwa na nafasi ya kurudi nyuma hata wiki moja. Kusimama mbele ya watu na kusema vipimo vyangu havitoshi kulikuwa ni kuiua digrii ya pili kwa mkono wangu. Nilifikiria hayo yote kwa muda ambao mama alisimama. Kisha nikatazama viatu vyangu.

"Huyu ako na jina ya mama yangu," mama akasema. "Mimi siwezi simama hapa mbele ya watu niseme mama yangu ni mrongo."

Akakaa. Afisa alichukulia kwamba amekubali, akaandika. Mabomba yakaenda kilima jirani. Barua yangu alinitilia sahihi juu ya meza ile ile, akanipa mkono na kunipongeza.

Njiani kurudi nyumbani hakuna mwanamke aliyenitukana. Walipita wakiniamkia kwa heshima, na heshima ile niliichukia. Asubuhi yake nilimfuata mama alipochukua mtungi, nikamwomba anipe mimi nibebe. Akanizuia kwa kiwiko. "Wacha," alisema. "Kichwa yako iko na kazi." Nilisimama mlangoni nikamwona akishuka, na siku ile ile nikapanda basi la Nairobi.

Nilifaulu zote mbili kwa miaka mitano, bila kuteleza. Msimamizi alinisifu mbele ya wenzake, akasema tasnifu yangu ni safi. Alisema pia kwamba mteremko ni wazo zuri la digrii ya tatu. Siku ya mahafali walinivika kofia, ikakaa pale pale mukwa ulipokuwa ukikaa, na ilinibana. Picha niliituma nyumbani, mama akaitundika ukutani, kwenye msumari uliokuwa na mukwa wangu wa utotoni. Kila asubuhi alipita chini ya picha ile akienda kuchota maji.

Mtaro wao uliachwa wazi. Mvua zikauporomosha, magugu yakaota, mbuzi wa jirani akaanguka humo akavunjika mguu. Ukame ulipobana, wanawake wetu walivuka bonde kwenda kuomba maji kwenye mfereji wa kilima jirani, na kule walipokelewa kwa mzaha. "Nyinyi si ndio mlipimwa mkapatikana hamchoki?" Waliteka maji, wakacheka pamoja nao kwa sababu maji walikuwa wameshapewa, wakarudi. Mama alikwenda mara moja, na hakurudia tena. Alisema afadhali mto, mto haujui kusoma.

Mimi nilipangiwa kazi upande wa Kerugoya, kufundisha walimu wa mazoezi. Kila mwaka nilisema likizo hii nitaenda kupima mteremko, na kila mwaka kulikuwa na mashindano ya shule, mitihani, mkutano. Wakati huo nilikuwa nikiwafundisha wanafunzi tasnifu yangu kama mfano wa utafiti mzuri. Mwaka mmoja msichana kutoka Kianyaga, ambaye mama yake alichuma majani ya chai kwenye miteremko ya kule, aliinua mkono. Aliuliza nilipimia wapi. Nikamwambia uwanjani. Akasema, "Mwalimu, kwetu hakuna mtu anabeba kitu kwa uwanja." Darasa likacheka. Nilimwambia aketi, tuna mambo mengi ya kumaliza kabla ya mtihani. Mfano ule sikuufundisha tena, lakini sikuwaambia kwa nini.

Shingo ya mama ilikataa kugeuka akiwa hajawa mzee. Halafu vidole vya mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, kikombe kikamponyoka. Nilimpeleka hospitali mjini Nyeri, daktari kijana akaiinua picha ya mifupa kwenye mwanga na kuanza kunieleza. Sikuhitaji maelezo. Mifupa ile niliisoma mwaka wa pili, moja baada ya moja, na nilipata alama za juu kuliko darasa zima. Nilimwona mama katika picha ile alivyokuwa kweli, mfupa umekaa juu ya mwenzake bila nafasi. Daktari aliuliza kama alikuwa akibeba vitu vizito. Mama akamjibu upesi, "Hapana. Ni maji tu."

Mfereji ulifika kilima chetu hatimaye, wakati yeye hawezi tena kutoka nje bila kushikwa. Nilichukua likizo nikakaa naye. Asubuhi moja nilifungua maji pale uani, nikayapasha moto, nikamkalisha juani nimwoshe nywele. Zilikuwa zimebaki chache, nyeupe. Vidole vyangu vikaingia kwenye mfuo wenyewe, bila kutafuta. Safari hii vilikuwa vinene, havikuenea.

"Mami," nikasema, "siku ile nyuma ya darasa nilikuona."

"Najua uliniona."

"Kwa nini hukuniambia unaumia?"

Maji yalimtiririka shingoni.

"Ningekuambia nini, maitu?" akasema. "Ulikuwa na kalamu kwa mkono. Mimi nilikuwa nangoja uandike."